Mkia wa Salamu

Kwetu Kalemie mtu haanzi na jambo. Hata jikoni kukiwaka moto, anayekuja kuazima ndoo atauliza kwanza umeamkaje, mama ameamkaje, watoto je, na yule aliyekuwa na homa wiki iliyopita amepata nafuu? Jambo lenyewe linakuja mwisho, kama mgeni anayengoja aitwe ndani. Nimezunguka ziwa hili lote, Kigoma, Bujumbura, Mpulungu, nimelala katika vyumba vya kupanga ambavyo siwezi tena kuvitofautisha, na kote watu wanasalimiana. Lakini kwetu salamu ni kazi, na mtu anayeikata katikati anakumbukwa kwa ubaya.

Ninaanza na hayo kwa sababu mwanamke ninayemkumbuka hapa hakumwona baba yake akifa, wala hakumzika. Kilichomzuia ni salamu, na salamu hizo zilikuwa zangu.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, na nikapata kazi ya opereta katika kampuni moja ya boti iliyobeba mahindi, maharagwe na samaki kati ya Kalemie na vituo vingine vya ziwa. Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa karibu na bandari, pale reli inapoishia: chumba kimoja, dirisha moja la kuangalia maji, meza mbili, na harufu ya samaki ambayo hatukuisikia tena kwa sababu ilikuwa imeingia katika nguo zetu.

Kabla yangu watu walikuwa wanapiga kelele katika foni ya redio. "Moba, Moba, unanipata?" mpaka koo linakauka. Kisha kampuni ikaleta mashini mpya: taipu iliyounganishwa kwa waya mnene na sanduku la chuma la kijivu, na sanduku limeunganishwa na redio. Unaandika kwa vidole. Sanduku linapokea maneno, linayatunza, linangoja saa ya kituo unachokitaka, halafu linayarusha. Ujumbe wa Moba kwenda Uvira ulipitia kwetu vilevile. Sanduku lilisoma anwani na kuuelekeza njia yake bila kutuuliza. Tuliliona kama njia panda yenye akili.

Fundi aliyelileta kutoka Lubumbashi alitufungulia kifuniko siku ya kwanza. Ndani kulikuwa na kidude cheusi chenye miguu mingi, kama jongoo aliyekufa.

"Akili yote iko humu," alisema. "Maagizo yalichomwa ndani kule kiwandani. Hayafutiki. Musiguse."

Akatueleza kwamba ndani ya sanduku kuna vyumba, na kila ujumbe unalala katika chumba chake. Chumba kimoja kinachukua herufi mia mbili hamsini na sita, ukihesabu pamoja na nafasi kati ya maneno. Mlangoni mwa kila chumba inakaa anwani, halafu ndani maneno. Chumba cha kwanza ni cha ujumbe wa kampuni siku zote. Cha pili na vingine ni vya ujumbe unaongoja zamu. Alituachia mabunda ya karatasi zenye miraba midogo, mraba mmoja kwa herufi moja, ili tuandike kwa kalamu kwanza na kuhesabu.

"Na herufi zikizidi?" aliuliza mkubwa wangu.

"Zisizidi," alijibu fundi, akafunga skrubu.

Mkubwa wangu huyo nilimwita Papa, yaani baba, kama bandari nzima ilivyomwita. Alikuwa ametumikia reli kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na hakuamini taa. Sanduku lilikuwa na taa ndogo ya kuonyesha kwamba kuna ujumbe unangoja. Ilipoungua baada ya miezi mitatu, hakushangaa. Alipigilia misumari katika kipande cha ubao, akawa anatundika kifuniko kimoja cha chupa ya bia kwa kila ujumbe uliokuwa katika vyumba vya kungojea. Ujumbe ukienda, unaondoa kifuniko.

"Na vifuniko hivi, Papa, unavitoa wapi?" nilimuuliza.

"Mutoto yangu, hii kazi njo ngumu sana. Ninavitafuta mwenyewe, kimoja kimoja, kila jioni."

Kituo cha Moba kilikuwa na opereta mwanamke. Kwao ilikuwa Kirungu, kule milimani kwenye baridi, lakini alikaa Moba kwa shangazi yake, nyuma ya kituo, na alianza kazi mwaka uleule nilioanza mimi. Ujumbe wake wa kwanza ulimfikia chefu wetu, mkuu wa kituo, ukiwa hivi: umeamkaje Chefu, wa nyumbani wameamkaje, kazi inaendeleaje, wenzako wa biro wako salama, sisi huku tuko salama ila mvua, na. Hapo karatasi ikaishia. Chefu alitoka ofisini kwake, mlango wa pili, ameishika kwa vidole viwili.

"Sitwayeni," aliniita, kama serikali ilivyotutaka tuitane enzi zile, "hii ni ujumbe ama ni misa?"

Nilitazama karatasi yangu. Mashini ilitoa karatasi mbili: nakala ya chefu, ambayo ilihesabu miraba na kukata kwenye herufi ya mwisho, na bunda refu la opereta, ambalo lilichapa kila kilichopita mpaka alama ya kumaliza, msalaba mdogo. Katika bunda langu jambo lilikuwepo lote: magunia arobaini ya maharagwe, boti inavuja, leteni lami. Lilikuwa limeanza baada ya mraba wa mwisho.

Nilimwambia chefu kuhusu magunia na lami. Sikumwambia niliyasoma wapi. Akasema, "Mwambie dada wa Moba salamu ni za Jumapili." Nikamwandikia hivyo, ndani ya miraba, kwa adabu. Kesho yake jibu likaja, mahindi na mahindi mpaka mraba wa mwisho, halafu, upande wa pili wa ukingo: CHEFU HAONI HAPA?

Nikajaza miraba yangu na habari za mafuta ya boti, nikavuka ukingo: HAONI.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tuliita sehemu ile mkia. Ndani ya miraba tulikuwa wafanyakazi. Katika mkia tulikuwa watu. Aliniambia juu ya ukungu unaoshuka Kirungu asubuhi mpaka huoni mbuzi uliyemfunga mwenyewe. Nilimwambia bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na jinsi nilivyoanguka majini nikiwa nimevaa viatu vya kazi. Ilikuwa lazima kwanza kuujaza mraba wa mwisho kabisa, kwa hiyo hakuna kampuni iliyowahi kupokea taarifa ndefu za mahindi kama ile yetu. Chefu alitusifu.

Bunda la opereta halikutunzwa. Likiisha lilitupwa, na mama mmoja aliyeuza karanga kwenye geti letu alikuwa analichukua kufungia. Nilikuwa ninachana mikia na kuiweka mfukoni, lakini siku nyingine nilisahau.

"Opereta!" aliniita siku moja, mbele ya wapagazi. "Njoo unisomee. 'Roho yangu inakungoja', hii njo jina ya boti gani?"

"Ni boti mpya, Mama."

"Inabeba nini?"

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaangusha gunia. Nilinunua karanga zake zote za siku ile, na karatasi.

Papa alijua. Hakuna aliyekaa karibu na sanduku lile asijue. Yeye ndiye aliyegundua mkia unaenda wapi. Siku moja ujumbe wa Uvira uliokuwa umelala katika chumba cha pili haukwenda popote. Papa alibonyeza kitufe cha kuchapa yaliyomo chumbani, na mlangoni, pale ilipotakiwa kuwa anwani ya Uvira, yakatoka maneno yangu juu ya viatu. Sanduku halikuwa na ukuta kati ya chumba na chumba. Lilipojaa kwetu lilimimina kwa jirani, na jirani alipoteza mlango wake.

"Unaona?" alisema Papa. "Haihesabu. Inapokea tu. Muntu akiwa mubaya, anaweza kuandika mlangoni anwani anayoitaka yeye, na barua ya wengine inaenda kwake. Tumwambie fundi."

Nilimwandikia Uvira upya, na hakuna aliyejua. Fundi hatukumwambia. Papa aliona uso wangu, akaacha. Tukaweka sharti: hakuna mkia isipokuwa misumari yote iko mitupu. Tulilijua lile tundu, tulilijua vizuri kuliko waliolitengeneza, na tukalinyamazia kwa sababu lilikuwa letu.

Dada wa Moba alikuja Kalemie mara mbili kwa boti. Alivaa sweta ya kijani, na hakuivua mpaka saa sita mchana, eti mwili wa Kirungu haujui bado kwamba umefika chini. Alikuwa mfupi kuliko herufi zake. Tulikula ndagala za kukaanga sokoni, tukatembea mpaka daraja la Lukuga kuangalia maji yanavyotoka ziwani, na tulikuwa na haya, hatukujua la kusema. Alipanda boti kurudi, na saa tano ya kesho yake, mkia ulikuwa mrefu kuliko wote wa kabla yake.

Mwaka wa pili baba yake aliugua tumbo. Manesi wa kule walisema apelekwe hospitali ya Kalemie. Mzee alikuja na mkewe. Binti mwenyewe hakupata ruhusa ya kazi. Niliwapokea bandarini, nikambeba mzee mgongoni mpaka kwenye mkokoteni, na kila jioni nikawapelekea uji au samaki. Mzee alikuwa mkulima wa maharagwe, mwembamba, mwenye macho ya kuchokoza watu hata katika maumivu.

"Weye njo ule wa foni?" aliniuliza. "Nilizani uko sauti tu, hauna miguu."

"Niko nayo, Papa."

"Unalima?"

"Hapana, Papa. Ninaandika."

"Basi mutakula maandishi."

Mama, mkewe, alimpiga kidogo begani. Ijumaa ya wiki ya pili alikuwa ameketi kitandani, amekula samaki mzima, na mimi nikaona nafasi. Nilipiga goti. Nilizunguka mbali, nikauliza kuhusu shamba, kuhusu mbuzi, mpaka yeye mwenyewe akanikata.

"Mutoto, sema. Mimi ni mugonjwa, sina siku nzima."

Nikasema ninamtaka binti yake. Alimtazama mkewe, akatazama dari.

"Nikirudi Kirungu, ukuje na wakubwa wako, mugonge hodi. Lete samaki, kule juu tumechoka na maharagi. Na ukuje na sweta."

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mlevi.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya wote. Tangu asubuhi mtaa wetu ulikuwa unazibua mifereji, na mimi nilikuwa na jembe, tope mpaka magotini, nikipanga maneno. Saa ya Moba ilikuwa saa tano. Nilikimbia, nikafika zikiwa zimebaki dakika chache. Papa alikuwa amekaa tangu alfajiri, kisha filimbi ya salongo ya bandari ikampeleka kufyeka majani nyuma ya maghala. Biro ilikuwa tupu.

Kwenye msumari wa kwanza kulikuwa na kifuniko.

Nimerudi pale mara nyingi kuliko mahali pengine popote nilipowahi kuishi. Nilikiona. Sitasema sikukiona. Nilikitazama, nikakumbuka kwamba Ijumaa nilipeleka ujumbe wa Uvira na kuondoka mbio kwenda hospitali, na nikajiambia: ni kile cha jana, sikukiondoa. Kitufe cha kuchapa kilikuwa karibu na mkono wangu. Kingechukua muda wa kunywa maji. Lakini saa tano ilikuwa inaingia, na nilikuwa na habari ambayo mtu huipata mara moja.

Nilijaza miraba na magunia. Kisha nikavuka ukingo, na kwa kuwa sasa nilikuwa karibu mkwe, sikuweza kuandika kama mtu asiye na kwao. Nilisalimu wote. PAPA YAKO AMEKUBALI NIGONGE HODI SALAMU KWA SHANGAZI NA PAPA MUDOGO NA DADA ZAKO NA WAKWE NA WATOTO WOTE WA NYUMBA. Msalaba mdogo. Nikabonyeza.

Jibu lilikuja kabla saa ya Moba haijafungwa. Ndani ya miraba, lami. Nje: NIMESOMA MARA TATU SHANGAZI ANAPIGA VIGELEGELE.

Nilikaa nikitazama maneno hayo mpaka redio ikanyamaza. Mchana nilivuka Lukuga kwenda kwa wajomba zangu, kuwaambia watafute sweta.

Jumapili baada ya misa nilikwenda hospitali na samaki, mkebuka mkubwa, ndani ya jani la mgomba. Kitandani mzee hakuwa yule wa Ijumaa. Hali yake ilikuwa imegeuka usiku ule wa Ijumaa, tumbo limejaa, midomo imekauka. Mama alikuwa anamlowesha ulimi kwa kitambaa. Tulisalimiana. Hata pale tulisalimiana, mimi na Mama, nikauliza wameamkaje, akajibu wameamka, akauliza kwetu. Ndipo akasema:

"Yule mutoto hakukuja. Boti imefika asubuhi, nimesimama pale mpaka wa mwisho ameshuka."

"Alijua, Mama?"

"Si tulimutumia ujumbe jana, mapema? Nilikwenda kwenu mwenyewe. Papa wa biro aliniandikia. Apande boti ya jana." Akamtazama mumewe. "Anaita jina lake. Tangu jana anaita tu lile jina."

Mzee alifungua macho. "Amefika?"

"Boti bado, Papa yake," Mama alimjibu.

Nilikwenda biro. Kifuniko kilikuwa palepale, Papa hakuwa amerudi tangu salongo. Nilibonyeza kitufe cha chumba cha pili, na mashini ikaanza kugonga, herufi moja baada ya nyingine, bila haraka. Mlangoni hapakuwa na Moba. PAPA YAKO AMEKUBALI NIGONGE HODI, ikaandika, na shangazi, na baba mdogo, na dada, na wakwe, na watoto wote wa nyumba. Kisha msalaba wangu mdogo. Kisha, pale salamu zangu zilipoishia, yakafuata ya Mama yaliyosalia: ANAITA JINA LAKO PANDA BOTI YA LEO USINGOJE MAMA YAKO.

Sanduku lilikuwa limesoma neno PAPA mlangoni, likatafuta kituo chenye jina hilo, halikukiona, likaacha. Na mimi jana yake nilikuwa na yule mwanamke hewani, yuko macho, anasoma, boti yake iko gatini Moba na haiondoki mpaka alasiri.

Nilishika foni ya zamani, ile ya kupiga kelele. Moba, Moba, unanipata? Jumapili kituo cha Moba kilifungwa. Nilijua. Niliita mpaka sauti ikaisha. Mzee alikufa jua lilipokuwa linashuka nyuma ya milima, na hospitali haikuwa na mahali pa kuhifadhi maiti. Alizikwa Jumatatu. Ujumbe wa msiba uliondoka asubuhi ileile kwa mkono wa Papa. Aliondoa kifuniko msumarini, akakitia mfukoni, na sikumwona akitumia vifuniko tena. Baada ya hapo aliandika orodha kwa chaki ukutani.

Kwenye kilio Mama aliniita karibu yake, juu ya mkeka. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Weye uko wa kazi ile. Uniambie. Ujumbe wangu ulipita wapi?"

Wanawake waliomzunguka waligeuka kunitazama.

"Ni mashini, Mama," nikasema. "Mashini ilikosea."

Alikubali kwa kichwa. "Mashini," alisema. Akanipa mkono wake niushike, akanishukuru kwa samaki.

Binti yake alifika Jumatano. Nilimngoja gatini. Alishuka na ile sweta ya kijani, kitambaa cheusi kichwani, bila mzigo. Nilifungua kinywa nianze na pole, lakini yeye hakusalimia. Mtu wa Kirungu, na hakusalimia.

"Ujumbe wa Mama uliingia lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Chumba gani?"

"Cha pili."

Alikuwa opereta. Hakuhitaji fundi. Nilimwona akipanga katika kichwa chake miraba, ukingo, na kilichofuata.

"Kifuniko hakikuwepo?"

Ningeweza kusema hakikuwepo. Papa angenilinda, nilijua angenilinda.

"Kilikuwepo," nikasema. "Nilizani ni cha Ijumaa."

Wapagazi walipita kati yetu na magunia. Alingoja wapite.

"Salamu zako zilifika zote," alisema. "Hakuna hata moja iliyopotea. Shangazi alipika kuku. Boti ilipokuwa inaondoka tulikuwa tunakula."

Kisha akaniuliza makaburi yako njia gani. Nilitaka kumpeleka. Akasema hapana, nimwelekeze tu. Nilimwelekeza kwa mkono, kama mtu anavyomwelekeza mpita njia, na akaenda.

Fundi alirudi baada ya miezi miwili, kwa sababu hatimaye Papa alimwandikia. Alikaa siku nzima na sanduku wazi, akaandika miraba na kuvuka ukingo kwa makusudi, akatazama chumba cha pili kikiharibika, akapiga mluzi.

"Waliotengeneza kitu hiki," alisema, "walizani hakuna muntu duniani anayesalimia hivyo."

Alisema ni vizuri hakuna mwizi aliyelijua tundu lile. Angeweza kupotosha kila ujumbe wa ziwa. Aling'oa yule jongoo mweusi, akapachika mwingine. Mpya alihesabu. Ukifika mraba wa mwisho taipu ilikwama, na chochote ulichokuwa unataka kusema kilibaki vidoleni. Moba, nilisikia, yule dada aliomba kuhamishiwa kwenye mizani ya magunia. Herufi zilizotoka kule zilikuwa za mwanamume mmoja aliyeandika kwa ufupi, na hakusalimia mtu.

Niliondoka Kalemie kabla mwaka haujaisha. Nilisema ninakwenda kutafuta maisha, na watu wakaamini kwa sababu wote walikuwa wanakwenda kutafuta maisha. Nimetengeneza redio Bujumbura, nimeandika orodha za mizigo Mpulungu. Kila mahali nilipozoea, nilihama. Barua zangu kwa mama yangu mzazi zilianza na jambo, katika mstari wa kwanza: niko hai, niko mahali fulani, ninaumwa au siumwi. Salamu niliziweka chini, kama nafasi ilibaki. Aliniambia alipokuwa hai kwamba ughaibuni kumenifanya niwe na kiburi.

Mwaka jana, Kigoma, nilikuwa ninangoja kompyuta katika duka la intaneti. Kijana fundi alikuwa amefungua kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti, ruta, na anamweleza mwenye duka kwa nini lazima abadilishe programu iliyomo. Kampuni iliyoitengeneza imekubali kuna kosa, alisema. Mtu wa nje anaipelekea ruta maneno marefu kuliko nafasi iliyotengewa. Ruta haihesabu, inapokea tu. Yanayozidi yanamwagika juu ya maagizo yake, na kuanzia hapo inamtii huyo mtu.

"Kitu kidogo hivyo?" aliuliza mwenye duka.

"Kidogo sana, mzee. Hawakuweka mstari mmoja wa kuangalia urefu."

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Kijana akanifuata na chupa ya maji, akanishikilia bega, akaniuliza kama nina sukari. Nilimwambia nina sukari. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jioni ile niliandika barua kwa Kirungu. Nilikuwa nimesikia kwa wachuuzi wa ziwa kwamba Mama angali hai, hatembei tena, na kwamba binti yake anakaa naye, alipata mume, mume akafa, ana watoto wakubwa. Niliandika bila salamu. Niliandika kwamba haikuwa mashini. Kwamba nilikaa juu ya mkeka wake nikamdanganya akiwa na msiba, na yeye akanishukuru kwa samaki. Niliuliza jambo moja tu: nije? Nipande mpaka juu, niseme hayo mbele yake kwa kinywa changu, au nisije? Nikampa mchuuzi mmoja wa maharagwe anayevuka, akaapa atafikisha.

Jibu lilichukua miezi minne. Ni ukurasa mmoja, mwandiko wa binti yake. Niliutambua kwa salamu zake, ingawa sikuwahi kuuona, nilijua tu herufi zake za mashini. Ananiuliza nimeamkaje. Ananiuliza wa nyumbani wameamkaje, na kazi, na afya, na Kigoma kuna mvua? Mama anakusalimia. Shangazi alikwisha fariki, lakini watoto wake wanakusalimia. Baba mdogo anakusalimia. Dada wanakusalimia, na wakwe, na watoto wote wa nyumba, mmoja mmoja, mpaka mstari wa mwisho kabisa chini ya karatasi, ambapo herufi zimekaa zimebanana ili zitoshe.

Niligeuza upande wa pili. Hakuna kilichoandikwa, si njoo wala usije.

Niligeuza tena, nikasoma salamu zote tangu mwanzo, polepole, nikiitikia kila moja. Sweta nimenunua. Iko msumarini, nyuma ya mlango, na boti ya kusini, ya kwenda Moba, inapita Alhamisi. Alhamisi mbili zimeshapita.